Sauti Nyuma ya Mtafsiri

Anselmi Chilumba alianza kutafsiri filamu akiwa amesimama. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule ya misheni Ndanda, akapata kibarua kwenye banda la video Buguruni: kukaa mlangoni, kuwatuliza walevi, kubadilisha kanda. Filamu zenyewe zilikuwa za Kichina na za Kihindi, na watu walikuwa wakiangalia midomo inavyochezacheza bila kuambulia kitu. Siku moja uvumilivu ukamshinda. Akasogea mbele, karibu na runinga, akaanza kusema juu ya picha: "Huyu ndiye aliyemuua kaka yake. Na huyu mama analia, lakini anajua kila kitu." Banda zima likanyamaza. Kesho yake watu walijaa mpaka nje, na hawakufuata filamu. Walimfuata yeye.

Ndivyo alivyopata jina mjini. Baadaye mabanda yalipopungua na kila nyumba ikawa na deki na sabufa yake, akanunua kompyuta ya mtumba na maiki, akaanza kuingiza sauti yake kwenye diski za tamthilia za nje. Maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha aliyasoma kwa kile Kiingereza alichofundishwa na mapadri, kisha akayageuza kuwa Kiswahili cha Buguruni. Sauti zote alitoa yeye, wazee, watoto, wafalme. Kwa wanawake alipandisha sauti kidogo tu, hakuigiza sana, na watazamaji walimpendea hilo.

Alipanga chumba Kariakoo, kichochoroni nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya zamani yenye paa la bati, imebanwa katikati ya maghorofa mawili mapya hivi kwamba jua liliingia uani saa sita tu kisha likaondoka. Mwenye kuisimamia alikuwa Idrisa, mwanamume mpole anayeuza mapazia jirani na sokoni. Nyumba hasa ilikuwa ya shangazi yake. Idrisa aliwaambia wapangaji kwamba shangazi amerudi Kilwa kupumzika, na chumba cha nyuma, kile chenye kufuli, kimejaa makabati yake ya zamani. Wapangaji mmoja mmoja wakaanza kuhama, maana ilijulikana nyumba ingeuzwa ivunjwe. Mwishowe akabaki Anselmi peke yake.

Yeye ukimya ulimfaa. Jumamosi jioni alikuwa akifanya mazoezi, anasoma tamthilia nzima kwa sauti kubwa ili ulimi uzoee. Jumapili asubuhi, maduka mengi yakiwa yamefungwa na mikokoteni imelala, anafunga dirisha na kurekodi.

Diski zake zilisambazwa na Fortunata, mama wa Kichaga mwenye duka la kuuza na kuazimisha filamu Mtaa wa Mchikichi. Fortunata alikuwa na kanuni yake: hupokei diski nyingine mpaka useme ile ya jana ilikuwaje. Watu wakazoea. Walikuwa wakirudisha diski, wanaegemea kaunta na kutoa hukumu. Huyu alisema muuaji amejulikana mapema mno. Yule alisema mtafsiri amecheka kwenye msiba, si vizuri. Mwingine alilalamika kwamba mpenzi wa kwanza ndiye aliyestahili kuolewa, akamgombeza Fortunata kana kwamba yeye ndiye aliyetunga. Yote hayo Fortunata alimfikishia Anselmi, na Anselmi aliyachukua kwa moyo mmoja. Hakuwa na njia nyingine ya kujua anavyosikika majumbani mwa watu.

Mwaka huo walikuwa wanatoa tamthilia ndefu ya Kikorea. Watu waliiita tu ile ya mama mkwe, kwa sababu ndani yake mlikuwa na bibi kipofu aliyekaa nyuma ya mlango wa karatasi, anasikiliza kila neno la nyumba na hakuna anayemwona. Diski za mwanzo zilisifiwa sana. Ilipofika ya nne, Fortunata akampigia simu.

"Kaka Anselmi, hongera. Watu wamependa huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Uliyemweka amsemee mama mkwe. Mbona hukuniambia? Ana sauti nzuri, ya chini chini hivi. Lakini wengine wanasema anatisha."

Anselmi akacheka. "Dada Fotu, mama mkwe nimemsemea mimi, kama kawaida."

"Basi siku hiyo ulikuwa na mafua ya ajabu," Fortunata akasema, naye akacheka.

Hawakulizungumza tena hadi Anselmi alipopita dukani katikati ya wiki. Akakuta fundi wa magari kutoka Buguruni, Elisaria, anarudisha diski hiyohiyo, amenuna.

"Huyo bibi yenu mwondoeni," Elisaria akasema. "Anatangulia."

"Anatangulia vipi?" Anselmi akauliza.

"Anasema jambo kabla halijasemwa. Yule kijana anakaribia mlango, bibi anasema usifungue. Halafu wewe ndiyo unasema usifungue mlango huo. Sasa mimi naangalia nini, ikiwa kila kitu naambiwa mapema?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua filamu za watoto akageuka. Alisema mume wake alizima sabufa katikati ya sehemu ile, akatoka kwenda jikoni kuuliza nani amemwita. Jikoni hapakuwa na mtu. Mama huyo alisimulia huku anatabasamu, lakini diski ya tano hakuichukua.

Anselmi akarudi chumbani kwake akaiweka diski kwenye kompyuta. Akasikiliza sehemu ile mara ya kwanza, akairudia. Kulikuwa na sauti yake, na nyuma yake mvumo wa feni. Basi.

Fortunata alipoelezwa, akafikiri kidogo. "Spika zako ni ndogo, kaka. Hao wote wanaangalia kwa sabufa. Nenda kwa Selina."

Selina alikuwa mteja wao wa siku nyingi, mshonaji aliyepanga chumba Buguruni, karibu na gereji. Alishona na kuangalia tamthilia kwa pamoja, na maoni yake yalikuwa marefu kuliko ya wateja wote. Alimpokea Anselmi mchana, jua kali nje, watoto wa jirani wanachezea mlangoni. Akasogeza vitambaa, akampa stuli.

"Mimi ndiye niliyesema ana sauti nzuri," akasema. "Kaka, usimwondoe. Anajua uchungu. Anasema kama mtu aliyekaa peke yake siku nyingi."

Akawasha deki. Sabufa ikaunguruma chini ya meza ya cherehani. Picha ikafika kwenye ukumbi wa mbao, kijana anatembea polepole kuelekea mlango wa karatasi. Anselmi alisikia sauti yake mwenyewe ikieleza. Kisha ikatulia, ikavuta pumzi. Na katika kile kituo, ndani ya uzito wa sabufa, mwanamke akasema: "Usifungue."

Anselmi akasogeza stuli karibu na sabufa. Watoto mlangoni waliendelea na mchezo wao. Kwenye diski, sauti yake ikafuata: "Usifungue mlango huo, mwanangu."

"Umesikia?" Selina akauliza, ana furaha ya mtu anayemwonyesha mgeni kitu kizuri. "Subiri. Mbele huko anasema maneno mengine, ambayo wala hayaendani na picha. Hapo ndipo sikumwelewa."

Wakasubiri. Mama mkwe alionekana uso mzima, macho meupe, mdomo umefungwa. Anselmi kwenye diski alikuwa amenyamaza, kwa sababu hakukuwa na la kutafsiri. Mwanamke akasema, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua:

"Anselmi. Maji."

Selina akamgeukia. "Kumbe anakuita jina? Mara zote nilidhani ni jina la Kikorea, la mtu wa humo ndani." Alipouona uso wa mgeni wake, akanyoosha mkono akazima.

Siku zilizofuata Anselmi hakurekodi. Alilala kwa rafiki yake Magomeni akisingizia kunguni. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida, si mtu wa kukimbilia waganga, na akili yake ilitafuta pa kushika. Ikashika hapa: yule mwanamke aliyajua maneno kabla ya kusemwa. Nani aliyajua? Mtu aliyesikia mazoezi ya Jumamosi. Mtu aliyekuwa karibu kiasi kwamba maiki ilimnasa. Chumba chake kilikuwa na kuta nne. Mbili zilitazama uani na kichochoroni, moja ilipakana na chumba kitupu ambacho mlango wake ulikuwa wazi daima, na ile ya mwisho, nyuma ya kitanda chake, ilipakana na makabati ya shangazi.

Jumapili akarudi asubuhi. Mtaa ulikuwa kimya, mifuko ya nailoni tu inajiburuta barabarani. Akafunga dirisha kama kawaida, akawasha kompyuta, akaanza kusoma kwa sauti kama vile anarekodi. Alisoma mistari kadhaa, kisha akaacha sentensi katikati: "Yule bibi akainuka, akasema kwamba..."

Akanyamaza, akashusha pumzi.

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha kusafisha koo, kama anachofanya mtu anayetaka kuendeleza maneno.

Anselmi akasukuma kitanda. Akaweka sikio kwenye ukuta, chokaa ikampaka shavu. Alisikia kucha zikipita polepole upande wa pili, pale pale alipoweka sikio, kana kwamba na huko kuna mtu aliyeinama vilevile.

"Nani?" akauliza.

Kucha zikasimama.

Alitoka mbio mpaka kanisani, akamsubiri Fortunata nje ya misa ya pili. Fortunata alikuwa na kitenge kipya na hakutaka kuingia vichochoroni, lakini alipoona Anselmi amekuja na chokaa shavuni hakubishana. Walimpitia mjumbe wa mtaa. Walipofika uani, watatu hao, wakamkuta Idrisa ameinama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, ana chupa ya uji mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine.

Hakukimbia. Aliwatazama kama mtu aliyechoka kungojea siku hiyo.

"Humo mna nani?" mjumbe akauliza.

"Shangazi," Idrisa akasema. "Bi Hajira."

"Si ulituambia yuko Kilwa?"

"Nilisema hivyo." Akaweka chupa chini. "Anapotea, mjumbe. Akili imeanza kumtoka. Mvua zile za masika alikutwa Jangwani, amesimama kwenye mafuriko, maji kiunoni, anasema anakwenda nyumbani. Nikaona nimfungie mpaka nyumba iuzwe, kisha nimtafutie pa kukaa. Wanunuzi walitaka nyumba isiyo na mtu. Chakula namletea. Simpigi."

"Na binti yake wa Magomeni?" mjumbe akauliza.

Idrisa akatazama ufunguo mkononi mwake. Ikaonekana binti naye alikuwa ameambiwa Kilwa.

Kufuli likafunguliwa. Anselmi alikuwa amejiandaa kwa harufu na uchafu, lakini chumba kilikuwa kimefagiliwa. Hapakuwa na kabati hata moja. Kulikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake mwanamke mzee, mwembamba, amejitanda kanga vizuri, nywele zimesukwa. Alikaa akiutazama ukuta unaopakana na chumba cha Anselmi, kama watu wanavyoitazama runinga.

"Shikamoo, bibi," Anselmi akasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Leo mmenyamaza ghafla. Mmegombana?"

Fortunata akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Machozi yakamtoka. Mjumbe alikuwa tayari kwenye simu, anamtafuta binti. Anselmi alichutama pembeni. Uoga wote ulikuwa umeyeyuka ukageuka aibu. Fikira moja tu ilimzunguka, kwamba mtu ameomba maji kwa jina lake, na yeye akaitia sauti ile kwenye diski, akaisambaza mji mzima, wakaisikia watu wa Magomeni na Buguruni wakiijadili kama uigizaji.

"Nisamehe, bibi," akasema. "Ulikuwa unaniita, sikukusikia. Uliniomba maji."

Bi Hajira sasa akageuka. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo, lakini yalimtazama sawasawa.

"Mimi?" akasema. "Maji ninayo." Akaonyesha kwa kidole. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo yenye kifuniko, imejaa, na kikombe cha bati juu yake. "Idrisa ana makosa yake, lakini maji ananipa."

"Nimesikia kwenye diski. Ulisema Anselmi, maji."

"Ningejuaje jina lako, mwanangu? Hatujawahi kuonana." Akafikiri, na alipofikiri hakuonekana hata kidogo kama mtu ambaye akili imemtoka. "Ni mkeo aliyekuwa akiomba. Nilimsikia. Nikasema moyoni, huyu mwanamume mbona anaongea tu, mkewe anamwomba maji hampi?"

Fortunata akaacha kulia.

"Bibi, mimi sina mke," Anselmi akasema. "Humo ndani naishi peke yangu."

"Yule anayekusaidia kusema, basi. Unapokosea anakurekebisha." Bi Hajira aliinama kidogo kuelekea ukutani, akaupapasa kwa kucha, pale pale. "Nilikuwa naweka sikio hapa nimsikilize. Wewe una haraka. Yeye anasema vizuri."

Idrisa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo wake ukagusa ukuta wa uani.

Binti alifika kabla ya adhuhuri, anahema, ana kandambili tofauti miguuni. Alimkumbatia mama yake, kisha akamgeukia Idrisa na kumwambia maneno ambayo mjumbe alilazimika kuyakatiza. Suala la Idrisa lilikwenda kwa wazee wa ukoo na baadaye serikali ya mtaa. Alivuliwa usimamizi wa nyumba, na mpaka leo ndugu hawamwiti kwenye shughuli zao. Bi Hajira alihamia Magomeni. Kweli alikuwa anasahau, siku nyingine anamwita binti yake kwa jina la mama yake mwenyewe, lakini hali hiyo haikuhitaji kufuli. Ilihitaji mtu wa kukaa naye kibarazani.

Anselmi alihama siku ileile. Alichukua kompyuta, maiki na godoro, vyombo akaviacha. Diski zilizobaki za ile tamthilia alizirekodia chumbani kwa rafiki yake, madirisha wazi, makelele ya kuku na redio yakiingia. Kila moja aliipeleka kwanza kwa Selina, wakasikiliza pamoja kwa sabufa. Hapakuwa na mtu mwingine. Ilikuwa sauti yake tupu.

Watazamaji hawakufurahi. "Mmemtoa yule mama?" walimuuliza Fortunata, mmoja baada ya mwingine. Hata Elisaria, aliyelalamika kuliko wote, alisema tamthilia imepooza, afadhali angeachwa atangulie kusema kuliko ukimya ule. Fortunata aliwajibu kwamba mwigizaji amesafiri. Diski ya nne aliitoa kwenye rafu, lakini nakala zilizokwisha kutoka hazikurudi. Watu waliendelea kuazimana wao kwa wao, na kwa miaka miwili mitatu bado mtu angeweza kuisikia ikiita kutoka dirisha fulani la Buguruni mchana kweupe.

Nyumba ya Narung'ombe ilivunjwa kiangazi. Anselmi alipita siku moja akaona wazi mahali chumba chake kilipokuwa, na cha Bi Hajira, na ukuta uliovitenganisha umelala chini vipande vipande. Ulikuwa ukuta wa udongo na mawe, mwembamba kuliko alivyodhani. Ndani yake hapakuwa na kitu. Alisimama hadi mafundi wakamwambia asogee.

Alimtembelea Bi Hajira mara nyingi, akimpelekea machungwa. Ziara moja binti akawasha deki, kulikuwa na tamthilia mpya ya Anselmi, ya wafanyabiashara wa hariri. Bibi alikaa mkekani, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Anselmi alijikuta anasubiri maoni yake kuliko alivyowahi kusubiri ya mteja yeyote.

"Unaionaje, bibi?" akauliza mwishoni.

"Nzuri," akasema. "Lakini unaziba nafasi. Kila mahali unajaza wewe tu. Mwenzako ataingia wapi?"

Binti akacheka, akidhani ni yale ya kusahau. Anselmi hakucheka. Tangu siku ile amebadilisha namna ya kufanya kazi, na wasikilizaji wake wameliona hilo bila kujua sababu. Wanasema siku hizi ametulia, hana papara, kila akimaliza sentensi anaacha kituo kirefu kidogo, unasikia upepo ndani ya picha na viatu kwenye mbao. Fortunata anasema ndicho kinachowarudisha dukani. Selina peke yake hakipendi kile kituo. Kila kinapofika, anasema, mguu wake huacha wenyewe kukanyaga cherehani, ukimngojea yule mwingine aseme.